Usibonyeze

Duka lake lilikuwa na upana wa mlango na nusu,
Makoroboi, ubavuni mwa fundi cherehani.
Wakiingia wateja wawili, mmoja avute tumbo ndani.
Halafu harufu: sabuni ya mche, ngozi ya mkanda wa kunolea,
shabu, karafuu kwa mbali,
na dagaa wa mama wa kibarazani. Hao hawakuepukika.

Bwana Mtobesya wa Ukerewe
hakuuza nyembe. Aliuza wembe,
mmoja, akiutoa kwenye karatasi yake ya nta
kama anayetoa kifaranga mfukoni.
"Leta kidevu nikione," alisema kwanza.
Akakugeuzia mwangani kwa vidole viwili,
akasoma ndevu zinakolalia,
kisha akakuuzia kitu cha bei ndogo kuliko ulichokuja kutaka.

Brashi zilining'inia kambani, vichwa chini, zikikauka
hata zile ambazo hazijawahi kulowa.
Maalimu Muhidini aliuliza, hizi ni nywele za mnyama gani?
Mtobesya hakucheka, wala hakuapa.
Wiki iliyofuata alimletea brashi ya katani,
ameifunga mwenyewe kwa uzi wa nyavu.
Ilikwaruza, nasikia. Maalimu aliitumia hadi ikaota kipara.

Mimi nilikwenda na miaka kumi na saba
na nywele saba.
Alimimina maji ya birika bakulini,
akazungusha povu mashavuni mwangu
hadi kwenye kioo akatokea babu yangu.
Akanishikisha mashine.
"Usibonyeze. Wembe una uzito wake.
Wewe uongoze tu, ushuke
kama mtu anayeteremka Bugando na trei ya mayai."
Nikabonyeza.
Akanigusa kwa shabu, nikaruka, nikagonga kichwa rafu.
"Ada umelipa," akasema. "Wembe bado."
Akaandika daftarini: mia mbili.

Baba alipofariki alifunga duka, Jumamosi, siku ya mauzo,
akaja na mkoba wake hadi chumba cha maiti.
Hakuna aliyemwita.
Alimnyoa baba polepole,
akimwambia, "Geuka kidogo, bwana,"
halafu akamgeuza mwenyewe.

Kisha ule mwaka wa mvua,
Mirongo ulipopanda hadi vizingitini,
alihamisha brashi rafu ya juu, na kikohozi kikahamia kwake.
Bintiye Nyanjura alinipigia alfajiri.
Hakusema amekufa. Alisema, "Njoo na vifaa vyako."

Nilipasha maji. Sijui kwa nini nilipasha maji,
nikayapima kwa kiwiko, kama ya mtoto.
Povu lilikataa, likakubali.
Mkono ulitaka kubonyeza, mkono huu,
wenye miaka ishirini na mbili ya kunyoa kila asubuhi.
Nikauacha wembe ushuke.
Chini ya taya la kushoto, mahali alipokuwa akipaficha
kwa kuinamisha kichwa kila alipoongea na mteja,
nikakuta kovu, refu kama punje ya mchele.
Kumbe.
Kumbe na yeye.

Daftari analo Nyanjura. Alinionyesha ukurasa wangu:
wembe mmoja, mia mbili,
haikukatwa mstari.
Nilitia mkono mfukoni nikautoa mtupu.
Akaelewa, akalifunga.

Pale sasa kuna kijana wa vocha na vifuniko vya simu,
mpole, hana kosa lolote.
Hununua kwake ya mia tano nisiyoihitaji
na kusimama kidogo, tumbo nimelivuta ndani,
ingawa niko peke yangu.
Dagaa wako palepale.